Sauti ya kiroboti

Sauti ya kiroboti ni sauti ya binadamu iliyobadilishwa kwa kifaa au programu ya kompyuta ili isikike kama inatoka kwenye mashine. Hutumika katika filamu na michezo ya redio ya bunilizi ya kisayansi, michezo ya kompyuta, matangazo na muziki.

Sauti ya mtu husikika hai hasa kwa sababu kidatu chake, yaani wembamba au unene wake, hupanda na kushuka. Mbinu nyingi za sauti ya kiroboti hufuta au kuvuruga mabadiliko hayo, huku matamshi yakibaki.

Historia

Mhandisi Homer Dudley wa maabara za Bell, Marekani, alibuni vokoda katika miaka ya 1930 ili mazungumzo ya simu yapite kwa nafasi ndogo kwenye nyaya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia teknolojia hiyo ilitumika kuficha mazungumzo ya viongozi.

Mwaka 1963 BBC ya Uingereza ilianza kurusha tamthilia ya *Doctor Who*, ambamo viumbe waitwao Dalek walipewa sauti kwa ringi modyuleta. Programu ya Auto-Tune ilitolewa mwaka 1997 kwa ajili ya kusahihisha waimbaji, lakini mwaka 1998 Cher aliitumia kupita kiasi kwa makusudi katika wimbo "Believe". Mtindo huo ulienea duniani, ukiwemo muziki wa Bongo Flava nchini Tanzania.

Mbinu

* *Vokoda* hugawa sauti ya msemaji katika bendi za masafa, hupima nguvu ya kila bendi, kisha huipa nguvu hiyo sauti ya ala. Ala huonekana kama inazungumza.
* *Ringi modyuleta* huzidisha wimbi la sauti kwa wimbi lingine. Kwa Dalek lilitumika wimbi la takriban hezi 30, likaleta mtetemo mkali.
* *Mwangwi mfupi* wa takriban sekunde 0.02 hurudiwa mara nyingi na kuleta mlio wa bomba la chuma.
* *Kusahihisha kidatu* kwa kasi ya juu kabisa huifanya sauti iruke ghafla kutoka noti moja hadi nyingine.

Kutumia Audacity

Audacity ni programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti. Sauti hurekodiwa katika mkondo mmoja, na katika mkondo wa pili hutengenezwa wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, kwa mfano la hezi 100. Mikondo hiyo huunganishwa kuwa stereo, sauti ya msemaji ikiwa kushoto na wimbi kulia, kisha huchaguliwa Vocoder kwenye orodha ya Effect. Rekodi yenye kelele au mwangwi wa chumba hutoa maneno yasiyoeleweka.

Athari kwa lugha

Kiswahili si lugha ya toni, hivyo maneno yake hueleweka hata kidatu kikiwa kimoja. Hata hivyo kiimbo hupotea: "Mgeni amefika" na "Mgeni amefika?" husikika sawa. Mwandishi wa mchezo anaweza kuongeza neno "je" ili swali libaki swali.

Hali ni tofauti kwa lugha ya toni kama Kinyaturu, kinachozungumzwa katika Mkoa wa Singida. Humo toni ni sehemu ya neno lenyewe, na vokoda yenye wimbi la kidatu kimoja huifuta. Kwa lugha kama hiyo mwangwi mfupi hufaa zaidi, kwa kuwa hauondoi kidatu cha msemaji. Njia nyingine ni kutumia vokoda na kinanda, mpigaji akifuata toni za maneno badala ya kushikilia noti moja.