Kumtunza Mgonjwa Mwenye Maumivu Nyumbani: Tuielewe Mofini

Leo tunazungumza na wewe unayemtunza nyumbani mgonjwa wa saratani, au mwenye ugonjwa mwingine ambao daktari amekwambia hautapona. Huenda uko hapa Laini Saba, katika chumba kimoja cha mabati, wewe, mgonjwa na watoto. Usiku mgonjwa analia kwa uchungu, majirani wanasikia, na wewe hujui ufanye nini. Tunataka ujue kwamba kuna la kufanya.

Ugonjwa ukikosa dawa ya kuuponya, haina maana kwamba maumivu nayo hayana dawa. Huduma ya kutuliza maumivu na dalili nyingine huitwa tiba shufaa. Hapa Nairobi huduma hii si ngeni. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, nayo iko katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, si mbali na Kibera. Jirani zetu wa Uganda walianza yao, Hospice Africa Uganda, mwaka 1993.

Mofini ni nini?

Maumivu madogo hutulizwa kwa parasetamoli. Yakizidi, daktari huongeza dawa yenye nguvu zaidi. Maumivu makali ya saratani huhitaji mofini. Ya kunywa huwa ya maji, nayo ni chungu mdomoni. Shirika la Afya Duniani limeihesabu kuwa dawa muhimu tangu orodha yake ya kwanza ya mwaka 1977. Hata hivyo kwa miaka mingi ilikuwa adimu kwetu. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba hospitali 7 tu za umma, kati ya karibu 250 nchini Kenya, ndizo zilizokuwa na mofini ya kunywa.

Kwa sababu ya uadimu huo, maneno mengi yamezagaa mtaani. Wengine husema, "Akipewa hiyo, ujue anakufa." Si kweli. Mofini haimwui mgonjwa ikitumiwa kwa kipimo alichoandikiwa. Kinachomwua ni ugonjwa. Wapo wanaoinywa kwa miezi mingi, wakalala, wakala na kuzungumza na watoto wao. Wengine huogopa kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa. Mtu anayeinywa kwa ajili ya maumivu, akifuatwa na daktari au nesi, ni nadra kuwa hivyo. Mwili wake utaizoea, na ndiyo sababu haifai kuikatiza ghafla, lakini hilo si ulevi.

Jinsi ya kumpa

Nguvu ya mofini ya maji hudumu kama saa 4. Kwa hiyo usingoje mgonjwa alie ndipo umpe. Mpe kwa saa. Kwa kawaida ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Mara nyingi kile kipimo cha saa nne usiku huongezwa maradufu ili mgonjwa alale hadi asubuhi, lakini fanya hivyo tu ukiwa umeagizwa na nesi. Weka kengele ya simu ikukumbushe.

Tumia sirinji au kikombe cha kupimia ulichopewa kliniki. Usitumie kijiko cha chai, kwa maana vijiko havilingani. Soma karatasi ya chupa kila unapopewa chupa mpya, kwa sababu mofini huchanganywa kwa nguvu tofauti. Kipimo kilichokuwa sawa kwa chupa ya zamani chaweza kuwa kingi mno kwa mpya. Ukiona rangi au maandishi yamebadilika, uliza kwanza.

Mwombe mgonjwa akuonyeshe maumivu kwa mkono. Ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni makali kabisa. Andika katika daftari saa, kipimo na idadi ya vidole. Maumivu yakirudi kabla ya saa, mpe kipimo cha ziada kama ulivyoelezwa, ukiandike pia. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha nesi kama dawa iongezwe. Usiongeze mwenyewe. Na ukisahau kipimo kimoja, usimpe viwili pamoja ili kufidia.

Choo, kichefuchefu na usingizi

Karibu kila anayekunywa mofini hufunga choo, na hali hii haiishi yenyewe. Basi akianza mofini, aanze pia dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili. Mpe maji mara kwa mara, papai na uji, ikiwa anaweza kumeza. Mgonjwa aliyefunga choo siku nyingi hupata maumivu mapya, na jamaa hudhani ni ugonjwa umezidi.

Kichefuchefu na usingizi hutokea siku za mwanzo, kisha hupungua. Mara nyingi usingizi huo ni wa mtu aliyekesha kwa uchungu wiki nzima. Ukimwita akaamka na kukujibu, usiwe na hofu.

Dalili nyingine

Mdomo ukikauka au ukiwa na vidonda, mwoshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgongo. Akikosa pumzi, mkalishe akiegemea mito, fungua mlango na umpepee usoni. Kidonda cha saratani kinachonuka kina dawa. Nesi aweza kukuelekeza kusaga tembe za metronidazoli na kuzinyunyiza juu yake. Usimfiche mgonjwa kwa aibu ya harufu. Na kama anatumia dawa za UKIMWI au kifua kikuu, aendelee nazo mpaka daktari aseme vingine. Mweleze nesi dawa zote, hata za mitishamba, kwa kuwa nyingine huingilia kazi ya mofini.

Kuhifadhi dawa

Mtoto akinywa mofini ya mtu mzima anaweza kufa. Ifungie ndani ya sanduku la kufuli, mbali na joto la mabati na jua. Usimgawie jirani hata kama naye ana uchungu. Mwelekeze kliniki. Weka karatasi ya daktari pamoja na chupa, kwa sababu hii ni dawa inayolindwa na sheria. Mgonjwa akifariki, rudisha iliyobaki kliniki.

Tafuta msaada haraka

Mpeleke hospitali mara moja akiwa haamki hata ukimtikisa, au anapumua polepole mno huku mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano. Mpigie nesi kama anatapika kila dawa, hakojoi, amechanganyikiwa, au hawezi tena kumeza.

Mambo ya kukumbuka

Mpe dawa kwa saa, si kwa kilio.
Pima kwa sirinji, andika katika daftari.
Mofini iende pamoja na dawa ya choo.
Fungia chupa.
Kabla chupa haijaisha, rudi kliniki ukiwa na siku kadhaa mkononi.

Hujui pa kuanzia? Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, au uliza hospitalini mgonjwa anakotibiwa kuhusu tiba shufaa. Sema waziwazi, "Mgonjwa wangu ana maumivu." Ni haki yake kusikilizwa. Nawe mtunzaji, mwombe ndugu au jirani akushike zamu japo usiku mmoja ulale, kwani mgonjwa anakutegemea.