Kumlilia Mungu si Kukosa Imani

Katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23, mkoa wa Njombe ulikutwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Wilaya ya Makete mkoani humo, ilipo Bulongwa, ilizika watu wengi kabla dawa za ARV hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, na bibi wengi wakabaki kulea wajukuu. Kwa hiyo kumtumaini Mungu mwili ukiwa umeisha nguvu si somo la darasa la kipaimara huku. Ni swali la kitandani.

Kinachonisumbua ni jibu analopewa mgonjwa. Akisema anaogopa, anakatizwa: "Usikiri hivyo, wewe amini tu." Akilia, imani yake inaonekana haba. Basi anajifunza kunyamaza. Ukimuuliza hali atakwambia anamshukuru Mungu, na kopo la vidonge amelishindilia pamba lisije likalia kwenye gari akitoka kliniki.

Biblia haikumfundisha kunyamaza. Takriban theluthi ya zaburi zote 150 ni maombolezo. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, lakini mwenye kuomba anamuuliza Mungu mara nne ni mpaka lini. Wataalamu wa Agano la Kale wameonyesha kwamba nyingi za zaburi hizi zina mwendo unaofanana: mtu anamwita Mungu, anamwaga shida yake bila kuipaka rangi, anaomba msaada, na kwa kawaida anafika mahali pa kusema kwamba anamtumaini. Lalamiko limo ndani ya sala, tena analielekeza kwa Mungu mwenyewe. Aliyekata tamaa kabisa hana haja ya kumlalamikia mtu.

Halafu ipo Zaburi ya 88, ambayo hata neno la shukrani mwishoni haina. Inaishia gizani. Waliokusanya Zaburi wangeweza kuiacha, hawakuiacha. Nadhani walijua kuna usiku ambao mgonjwa hawezi kuimba, na usiku huo nao unahitaji sala yake.

Kosa jingine ni kuigombanisha imani na dawa. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alivuta maelfu ya watu kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe chake cha uponyaji kwa shilingi 500. Siwacheki waliokwenda, mtu anayeumwa hushika chochote kilicho karibu. Ila wapo walioacha ARV wakiamini wamepona, na virusi havisubiri: dozi ikikatika, vinaanza tena kuzaliana mwilini.

Soma 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia ni mgonjwa wa kufa, anageukia ukutani, anaomba na kulia sana. Mungu anamsikia na kumwongezea miaka 15. Ndipo nabii Isaya anaagiza zipondwe tini ziwekwe kwenye jipu. Aliyeleta ahadi ya Mungu ndiye aliyeagiza dawa, na hakuna anayemwambia mfalme kwamba kubandikwa tini ni kumtilia Mungu shaka.

Watu wa Bulongwa hawapaswi kushangazwa na hilo, maana hospitali yao ya Kilutheri ni ya Dayosisi ya Kusini Kati ya KKKT, dayosisi ileile inayowahubiria Jumapili. Mwenye VVU anayemeza vidonge kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Ukweli huo unafaa kutajwa hata madhabahuni.

Wachungaji na wainjilisti, mkiitwa kumwombea mgonjwa, mwacheni kwanza aseme anachoogopa hadi amalize. Msomeeni Zaburi ya 88 yote, msiikatishe. Na kabla ya kuondoka, muulizeni tarehe yake ya kliniki na nani atampeleka.