Usikwangue Rangi Ili Upake Waksi

Anauliza mwenye Vitz, anauliza mwenye Land Cruiser, na swali ni lile lile: "Fundi, si lazima nipige polishi kwanza ndipo waksi ishike?" Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka, na bado naona maboneti yakisuguliwa kila mwisho wa mwezi. Basi leo naliandika: si lazima. Polishi inapunguza rangi, waksi inaifunika. Kama hakuna kasoro ya kuondoa, hakuna sababu ya kupunguza.

Hoja ya kwamba waksi haishiki bila polishi ndiyo inayomaliza magari ya watu. Waksi haihitaji uso uliosuguliwa. Inahitaji uso safi, mkavu, usio na mafuta. Ikigoma kushika, mara nyingi gari lilioshwa vibaya au waksi ilipakwa saa saba mchana, bati likiwa la moto. Tena polishi nyingi zina mafuta ya kulainisha, na yasipofutwa vizuri ni hayo hayo yanayoizuia waksi kushika, hasa zile za sintetiki. Yaani unalipia kitu kinachoweza kuharibu kile unachotaka kukipata.

Mazoea haya yana asili yake. Magari ya zamani yalipigwa rangi tupu, bila tabaka angavu la juu ambalo mafundi rangi wanaliita klia. Jua likiichoma, rangi ile ilipauka na kutoa unga, na ilibidi unga huo usuguliwe kwanza. Kuanzia miaka ya 1980 klia ikaenea, na magari mengi ya mtumba yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani yanayo. (Baadhi ya magari meupe hayana. Utayajua kwa kitambaa: ukipiga polishi kinachukua rangi ya gari.) Rangi zilibadilika, ushauri wa mitaani haukubadilika.

Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Hiyo ndiyo akiba yako yote, na ndani yake ndimo zilimo kemikali zinazoikinga rangi na miale ya jua. Polishi ina chembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini. Ile laini, ikitumiwa kwa uangalifu, inaondoa mikroni moja au pungufu. Kompaundi, yaani polishi kali, kwa pedi ya manyoya inaondoa kadhaa kwa mkupuo mmoja. Sasa piga hesabu ya kila mwezi. Kingo za boneti na mikunjo ya milango ndiyo inayoisha mwanzo, kwa sababu pale klia ni nyembamba na mashine inakandamiza zaidi.

"Mbona linang'aa?" Linang'aa kwa sababu mafuta ya polishi yamejaza mikwaruzo. Chukua alkoholi ya isopropili, changanya na maji nusu kwa nusu, futa kipande kidogo kivulini, kisha mulika kwa tochi ya simu. Mikwaruzo ya miviringo inarudi yote ikizunguka mwanga, na mara nyingine imeongezeka. Niliona pedi ikianguka kwenye mchanga, ikakung'utwa gotini na kurudishwa kwenye mlango wa gari jeusi. Mwenye gari alilipia mikwaruzo mipya, na baada ya kuosha mara mbili mafuta yakitoka, atarudi kulipia tena.

Polishi inahitajika lini? Tochi ikionyesha mikwaruzo inayokukera. Kinyesi cha kunguru kikiwa kimeacha alama kwenye klia. Klia ikianza kufifia. Na polishi ya kumalizia ni lazima pale tu ulipotumia kompaundi, kwa sababu kompaundi inaacha ukungu unaoonekana wazi kwenye gari jeusi au la bluu iliyoiva. Ukipitisha ukucha juu ya mkwaruzo ukakwama, polishi haitautoa bila kuhatarisha klia, kwa hiyo usijaribu. Kabla mashine haijawashwa, mwambie fundi apime unene wa rangi kwa kipimo chake, hasa kama gari limewahi kupulizwa upya. Fundi asiye na kipimo anabahatisha kwa mali yako.

Utaratibu wa kawaida ni huu. Osha kivulini kwa shampuu ya gari na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Sabuni ya unga iache, inaondoa waksi. Kausha kwa taulo ya maikrofaiba. Vaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi, papasa rangi; ukihisi chenga, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukilowesha kwa maji ya shampuu, na ukidondoka chini utupe. Paka waksi tabaka jembamba, bati likiwa limepoa. Ya karnauba inakaa wiki kadhaa, ya sintetiki miezi. Mlioko Tanga, Mombasa na Unguja, chumvi ya bahari inawataka mrudie mapema. Dawa ya meno isiguse rangi, maana ni kisugulio usichojua ukali wake kwenye klia. Mafuta ya taa nayo yanang'arisha hadi yanapokauka, na kabla ya hapo yanakusanya vumbi.

Klia ikishatoboka, boneti inapata madoa meupe yanayobabuka, na hakuna polishi wala waksi ya kuirudisha. Ni kupuliza rangi upya. Kwa hiyo ukiambiwa "polishi kwanza", uliza inaondoa kasoro gani. Asipokuonyesha kwa tochi, mwambie apake waksi tu.