Je, Wajua? Miaka 13 Ilitoka Wapi

Ukitaka kufungua akaunti ya Facebook au Instagram, utaulizwa tarehe ya kuzaliwa, na aliye chini ya miaka 13 hukataliwa. Wengi hudhani umri huo ulipangwa na madaktari. Wapi! Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika Aprili 2000, karibu miaka minne kabla Facebook haijazaliwa. Sheria hiyo huzuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kuhusu usingizi, matusi au picha chafu, haisemi kitu. Ed Markey, mmoja wa waliouasisi muswada wake, alitaka iwe miaka 16, lakini mvutano ukaishia 13.

Australia imekaza zaidi: tangu 10 Desemba 2025, aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao kama hiyo, na faini humwangukia mwenye mtandao, si mzazi wala mtoto. Kwingi kwingine kizuizi kikubwa ni kile kisanduku cha mwaka wa kuzaliwa, ambacho mtoto wa darasa la nne hukivuka kwa kuchagua 2005. Mzazi, shika simu ya mwanao leo, fungua mipangilio ya akaunti yake, usome mwaka ulioandikwa pale.