Swali Moja, Ibara 264

Tarehe 4 Agosti 2010, Mkenya aliyeingia kituoni aliulizwa jambo moja tu: unaikubali Katiba iliyopendekezwa, ndiyo au la? Nyuma ya swali hilo zilijipanga ibara 264. Huenda alizipenda zote isipokuwa mbili, lakini karatasi ya kura haikumpa nafasi ya kusema hivyo. Ndiyo maana ninasikitika kila ninaposikia waliopiga kura ya La wakiitwa maadui wa katiba. La ya mmoja si La ya mwenzake.

Kumbuka mwaka 2005. Rasimu iliyotoka kwenye mkutano wa katiba wa Bomas mwaka uliotangulia ilimpunguzia rais madaraka na kumpa waziri mkuu sehemu kubwa ya kazi ya kuendesha serikali. Ilipofika kwa wananchi kwenye kura ya maoni ikiitwa Rasimu ya Wako, kwa jina la mwanasheria mkuu, rais alikuwa amerudishiwa nguvu zake. Ndizi ilikuwa alama ya Ndiyo na chungwa alama ya La, na tarehe 21 Novemba chungwa likapata takriban asilimia 58. Wengi waliolichagua walikuwa wameililia katiba mpya kwa miaka mingi. Walichokataa ni kubadilishiwa kazi ya Bomas.

Mwaka 2010 rangi zilikuwa kijani na nyekundu, na sababu zilikuwa nyingine kabisa. William Ruto na rais mstaafu Daniel arap Moi walipinga, hasa kuhusu ardhi. Makanisa mengi yalisimama kwenye ibara mbili: ya 26, inayosema uhai huanza mimba inapotungwa lakini inaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama imo hatarini, na ya 170, inayohusu mahakama za kadhi.

Hili la kadhi linahitaji subira. Mwambao, ule ukanda wa maili kumi, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi uhuru ulipokaribia. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwamba ukanda ukiwa sehemu ya Kenya, makadhi watabaki. Katiba ya uhuru ikaiweka ahadi hiyo. Kwa hiyo Mwislamu wa Lamu au Mombasa aliyesikia kwamba kadhi aondolewe alisikia mkataba wa wazee wake ukivunjwa. Kwa upande wa pili, Mkristo aliuliza kwa nini dola igharamie mahakama ya dini moja, na Mei 2010 majaji wa Mahakama Kuu walikubaliana na hoja ya namna hiyo. Swali la usawa ni halali, sitalibeza. Lakini naona wapinzani walikosea walipomchora kadhi kama mgeni aliyeingizwa na rasimu. Ibara ya 170 inamwekea mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake.

Kasoro kubwa zaidi ninaiona bungeni. Wabunge walileta mapendekezo mengi ya marekebisho, hakuna hata moja lililopata kura za kutosha, na tarehe 1 Aprili rasimu ikapita kama ilivyokuwa. Aliyekuwa na kinyongo na ibara moja akabakiwa na njia moja: kuzikataa zote. Zaidi ya watu milioni 2.5 walifanya hivyo, mbele ya zaidi ya milioni 6 waliokubali, na tarehe 27 Agosti Katiba ikatangazwa rasmi.

Jambo hilo la kuzifunga ibara zote katika swali moja lilirudi katika kesi ya BBI, mpango wa kuirekebisha Katiba hiyo. Mei 2021 Mahakama Kuu ilisema kila badiliko la katiba lipewe swali lake kwenye kura ya maoni. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, hukumu ya tarehe 31 Machi 2022 ilisema wakati wa kuliamua suala hilo ulikuwa haujafika.