Kuku Wengi, Nyama Haba

Tuseme umevusha vifaranga 200 vya kuku wa nyama kutoka Mokowe hadi kisiwani Lamu, na banda lako ni mita 3 kwa 4. Leo vinaenea. Wiki ya tano watabanana, na hapo ndipo hasara huanza.

Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kutweta. Akisongwa katika joto la pwani, hula kidogo na hakui vyema. Maranda hulowa, harufu kali huwasha macho, nyayo hufanya vidonda.

Kiwango cha kawaida katika sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2007 ni kilo 33 kwa mita ya mraba, yaani kuku 16 wa kilo mbili mbili. Lakini kwao ni baridi! Wewe weka 8 kila mita: jumla 96. Bora hao wanenepao kuliko mia mbili watwetao.