Fahamu: Kukagua na kukarabati paa baada ya upepo na mvua ya mawe

Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliua watu zaidi ya 40 katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, na kubomoa nyumba nyingi. Paa likinusurika katika dhoruba kama hiyo, bado linahitaji kukaguliwa.

Nianzie wapi?
Zima umeme kwenye swichi kuu. Usipande juu bati likiwa limelowa.

Nikague nini?
Ingia ndani mchana, funga madirisha, kisha tazama juu: tundu lolote litapenyeza mwanga. Angalia madoa ya maji kwenye dari, kenchi zilizopasuka na mbao zilizoachana na ukuta. Nje, kagua kofia ya paa na kingo za mabati, maana upepo huanzia hapo kufumua.

Bati lililobonyea libadilishwe?
Si lazima. Kama halikutoboka wala kuchubuka, linafaa. Likichubuka hadi chuma kuonekana, kutu itafuata.

Msumari uliolegea?
Usiugongee kwenye tundu lilelile, hautashika. Ung'oe, ziba tundu, kisha pigilia mwingine kando, juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita.

Nizuie vipi paa lisiezuliwe?
Fundi azifunge kenchi kwenye ukuta kwa vyuma vilivyozama kwenye linta. Ukinunua mabati, kumbuka geji 28 ni nene kuliko geji 30. Mawe juu ya bati hayasaidii: upepo huyarusha.